Kompyuta Anatakiwa

Tarehe 2 Mei 1892 gazeti la The New York Times lilichapisha habari fupi yenye kichwa "A Computer Wanted". Ofisi ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikitayarisha kitabu cha kila mwaka cha mabaharia, kile kinachoonyesha jua, mwezi na nyota zitakuwa wapi siku gani, ilikuwa na nafasi mbili za kazi. Moja ilikuwa na mshahara wa dola 1,000, nyingine dola 1,400. Waombaji wangefanya mtihani wa aljebra, jiometri, trigonometria na elimu ya nyota.

Anayesoma kichwa hicho kwa Kiingereza leo anaweza kudhani ofisi ilitaka kununua mashine. Kiswahili hakimpi mtu nafasi hiyo. Ukitaka kukisema kwa lugha yetu unalazimika kuchagua kati ya "kompyuta inatakiwa" na "kompyuta anatakiwa", na kwa mwaka 1892 chaguo ni moja tu: anatakiwa. Kompyuta alikuwa mtu. Alikuwa na jina, na mshahara, na pengine mgongo uliomuuma kwa kuinamia meza kutwa nzima.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na katika maneno yote ya Kiingereza ninayoyajua hakuna ambalo historia yake naipenda kama hili. Kila ninapoanza mada ya logi huwaonyesha wanafunzi kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, kile chembamba kilichojaa safu za namba toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikawauliza ni nani aliyezikokotoa namba zote hizi. Wengi hujibu: kompyuta. Jibu hilo hunifurahisha sana, maana ni sahihi kabisa, ingawa wao wana picha nyingine kichwani.

Mzizi wa neno ni Kilatini, computare, kuhesabu vitu kwa kuviweka pamoja. Ndani yake mna putare, kitenzi ambacho zamani kilimaanisha kupogoa mti, kisha kusafisha hesabu, kisha kufikiri. Kwa kupitia Kifaransa, Kiingereza kilipata hapo count na account, na kutoka putare ileile ya kupogoa kikapata amputate, kukata kiungo. Wasomi wa kanisa wa zama za kati waliita computus ile elimu ya kutafuta tarehe ya Pasaka, ambayo hufuata mwezi na jua kwa pamoja. Bede, mtawa wa kaskazini mwa Uingereza, aliiandikia kitabu kizima mwaka 725. Ndiyo kusema tangu mapema neno lilishikamana na anga na kalenda, na halikuachana navyo kwa karne nyingi.

"Computer" lenyewe, likiwa na -er mwishoni, linaonekana katika kitabu cha mwandishi Mwingereza Richard Braithwait cha mwaka 1613. Anasema amemsoma kompyuta wa kweli kuliko wote wa nyakati, mjuzi bora wa hesabu aliyepata kuvuta pumzi, ambaye amezipunguza siku za mwanadamu zikawa idadi fupi: miaka sabini. Hayo ni maneno ya Zaburi ya 90. Kompyuta wa kwanza tunayekutana naye katika maandishi ya Kiingereza, basi, ni mtunzi wa zaburi anayehesabu umri wetu. Kila nikifika hapo hutulia kidogo kabla ya kuendelea.

Kiambishi -er kinastahili neno moja, kwa sababu ndicho kilichoacha mlango wazi. Kiingereza hukitumia kwa mtenda na kwa kitendea kazi vilevile. Teacher ni mtu, cooker ni jiko. Printer alikuwa fundi wa kuchapa vitabu kabla ya kuwa kifaa cha mezani. Typewriter, mwishoni mwa karne ya 19, lilikuwa jina la mashine na pia la mwanamke aliyeajiriwa kuipiga. Sisi tunaye mkokotozi na tunacho kikokotoo, na herufi ya kwanza tu inatosha kuwatenganisha. Kiingereza hakina kizuizi hicho, hivyo jina la mfanyakazi linaweza kuhamia kwenye chombo bila hata herufi moja kubadilika.

Lakini uhamisho huo ulichelewa sana, na katikati yake kuna zaidi ya miaka mia tatu ya watu.

Nianze Paris, mwaka 1757. Hawa walikuwa Wafaransa na hawakuitwa kwa neno hili, ila kazi ni ileile. Mtaalamu wa nyota Mwingereza, Edmond Halley, alikuwa ametabiri kwamba kometi, ile nyota yenye mkia ambayo leo ina jina lake, ingerudi mwishoni mwa 1758 au mwanzoni mwa 1759. Yeye mwenyewe alikwisha kufa. Mwanahisabati Alexis Clairaut alitaka tarehe ya uhakika zaidi, na ugumu ulikuwa kwamba Mshtarii na Zohali, sayari mbili kubwa kuliko zote, huivuta kometi njiani na kuichelewesha. Clairaut alitoa kanuni. Namba zilikokotolewa na Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute. Lalande ameandika kwamba kwa miezi sita walihesabu toka asubuhi hadi usiku, mara nyingine hata wakiwa wanakula, na kwamba bila Lepaute wasingethubutu kuigusa kazi kubwa namna ile. Walipata kwamba sayari zile mbili zingeichelewesha kometi siku 618, wakatangaza kuwa ingelikaribia jua katikati ya Aprili 1759, mwezi mmoja mbele au nyuma. Ililikaribia jua tarehe 13 Machi. Clairaut alipochapisha kitabu chake hakulitaja jina la Lepaute. Tunamjua kwa sababu Lalande hakukubali kunyamaza.

Uingereza kazi hii ilipata mpangilio. Nevil Maskelyne, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich, alianzisha Nautical Almanac, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa la mwaka 1767. Baharia aliyetaka kujua longitudo yake alipima umbali angani kati ya mwezi na nyota fulani, kisha akafungua kitabu kutafuta ni saa ngapi Greenwich umbali huo unapotokea; tofauti ya saa hiyo na saa ya pale alipo ndiyo iliyomwambia yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Namba moja ikikosewa kitabuni, nahodha anaamini yuko mahali ambapo hayupo, na mwamba haujali. Maskelyne hakujenga ofisi. Aliwatumia kwa posta makompyuta wake waliokuwa wakiishi huku na huko nchini, kila mmoja nyumbani kwake na majedwali yake na karatasi ya maelekezo. Kazi ileile walipewa watu wawili, kila mmoja akaikokotoa kivyake, na mtu wa tatu, aliyeitwa comparer, akazilinganisha karatasi zao mstari kwa mstari. Wawili kati ya makompyuta wa miaka ya mwanzo waligunduliwa wakinakiliana, wakaondolewa kazini. Sababu naiona wazi: kosa la mmoja likinakiliwa na mwenzake, mlinganishaji ataona namba mbili zinazofanana na kulipitisha.

Mbinu hiyo naitumia darasani mpaka leo. Wanafunzi wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa, wanapewa safu moja ya namba. Wa tatu anasubiri karatasi zote mbili. Pale namba zinapotofautiana, yeye hana ruhusa ya kuchagua anayoipenda. Lazima arudi kwenye hatua ya mwisho ambayo bado wanakubaliana, aanze kushuka kutoka hapo. Nimeona tena na tena kwamba huyu wa tatu ndiye anayeondoka anaielewa hesabu kuliko wote.

Katika kundi la Maskelyne alikuwamo Mary Edwards wa mji wa Ludlow. Mwanzoni kazi iliandikwa kwa jina la mumewe, mchungaji. Mume alipofariki mwaka 1784, Mary aliendelea kwa jina lake mwenyewe, na ndivyo alivyoitunza familia. Binti yake Eliza akairithi kazi, akaifanya hadi mwaka 1832, ilipoamuliwa kwamba hesabu zote zifanyike katika ofisi moja London. Mama na mwana, miongo kadhaa, wakizielekeza meli ambazo wao hawakuzipanda.

Wanawake waliongezeka zaidi Marekani. Edward Pickering, aliyekiongoza kituo cha nyota cha chuo cha Harvard tangu 1877, aliwaajiri kwa wingi, na malipo ya kawaida yalikuwa senti 25 kwa saa. Williamina Fleming alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Pickering kabla ya kuchukuliwa kituoni mwaka 1881. Baadaye aliwasimamia wenzake na kuzipanga nyota kwa maelfu. Ninayemkumbuka zaidi, hata hivyo, ni Henrietta Leavitt. Picha za anga zilipigwa kwenye vioo, na kila nyota ilitokea kama kitone cheusi juu ya kioo kinachopenya mwanga. Leavitt alikiweka kioo kwenye fremu, kikamulikwa kwa nyuma, akakikagua kwa lenzi, akilinganisha kitone kimoja na kilekile katika kioo cha usiku mwingine. Ni kikubwa zaidi? Kimenywea? Kuna nyota zinazofifia na kung'aa kwa zamu, na yeye alizisaka hizo. Mwaka 1912 yalitoka matokeo yake kuhusu nyota 25 katika Wingu Dogo la Magellan, kundi la nyota linaloonekana angani kama wingu: kadiri nyota ya namna hiyo inavyokuwa na mwanga mwingi kwa asili yake, ndivyo zamu yake ya kufifia na kung'aa inavyokuwa ndefu. Taarifa ilitoka kwa saini ya Pickering, ikieleza mwanzoni kabisa kwamba imeandaliwa na Bi. Leavitt. Ukiipima zamu unajua mwanga halisi wa nyota, na ukiulinganisha na unaokufikia unajua iko mbali kiasi gani. Kwa kanuni hiyo mtaalamu wa nyota Edwin Hubble, miaka ya 1920, alipima umbali wa kundi la nyota la Andromeda na kuonyesha kwamba liko nje kabisa ya kundi letu la nyota. Ukubwa wa ulimwengu ulifunguka kwa jicho la mtu ambaye cheo chake kilikuwa kompyuta.

Nimesikia watu wakisema kazi ile ilikuwa ya kuchosha akili, na kwamba ni heri mashine ilikuja. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa wengi wao. Hesabu ilikatwakatwa vipande vidogo ili kila kipande kifanywe na mtu asiyehitaji kuelewa kingine. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mradi wa majedwali ya hisabati ulioanzishwa New York mwaka 1938, wakati wa ukosefu mkubwa wa ajira, kwa fedha za serikali. Mwanahisabati Gertrude Blanch aliyesimamia hesabu zake alipokea watu wasio na kazi, wengi wao wakiwa na elimu ndogo. Akawagawa kwa makundi: hawa wajumlishe, wale watoe, wengine wazidishe, na wachache wagawanye. Namba chanya ziliandikwa kwa penseli nyeusi, namba hasi kwa nyekundu. Maelekezo yakawa ya rangi: nyeusi na nyeusi huzaa nyeusi, nyekundu na nyekundu huzaa nyekundu, na rangi zikichanganyika, mpe karatasi kundi la pili. Kwa mpango huo watu wale walitoa majedwali ambayo wanasayansi waliyategemea kwa miaka mingi. Blanch nampa heshima zote. Mwalimu yeyote aliyewahi kuhangaika na alama za kutoa ataelewa amefanya nini pale.

Sasa tazama jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote hii.

Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliandika makala yake maarufu kuhusu namba zinazokokotoleka. Humo mna neno "computer" likiwa peke yake, bila maelezo yoyote, na ni mtu. Ana karatasi yenye miraba kama daftari la hesabu la mtoto. Anaziona alama, na ana hali fulani ya akili kwa wakati huo, na viwili hivyo ndivyo vinavyoamua atafanya nini. Turing anasema hata kwamba kompyuta anaweza kuiacha kazi yake, akaenda zake, akaisahau kabisa, na baadaye akarudi kuiendeleza, mradi ameacha ujumbe wa kueleza kazi iendelee vipi. Mtu anayenyanyuka mezani na kuacha kikaratasi! Mashine yote ya nadharia ambayo Turing aliibuni katika makala hiyo imejengwa kwa kumtazama mfanyakazi huyu.

Mwaka 1950 Turing huyohuyo aliandika makala nyingine, ile ya kuuliza kama mashine zaweza kufikiri. Humo anaeleza kwamba mashine hizi zimekusudiwa kufanya kazi yoyote ambayo ingeweza kufanywa na "human computer". Ameongeza neno. Miaka 14 tu imepita, mwandishi ni yuleyule, na sasa akimtaja mtu ni lazima aseme kwamba ni mtu. Nilipoziweka makala hizo mbili mezani bega kwa bega niliona neno likihama mbele ya macho yangu.

Katikati ya tarehe hizo kuna vita. Majeshi yalihitaji majedwali ya mizinga: pembe gani, umbali gani, upepo upi. Njia ya kombora moja ilimchukua kompyuta mwenye mashine ya mezani ya kuhesabia saa 30 au zaidi. ENIAC, mashine ya kielektroniki ya kukokotoa iliyotangazwa kwa umma Philadelphia mwezi Februari 1946, ilihitaji sekunde 30 hivi, na herufi ya mwisho ya jina lake ni C ya Computer. George Stibitz wa maabara ya Bell alikuwa amependekeza katika taarifa ya mwaka 1945 kwamba "computer" liwe jina la mashine, na watu waitwe "operators" ili wasichanganywe nazo. Waliochaguliwa kuipangia ENIAC kazi zake walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Wote walitoka katika kundi la makompyuta wa jeshi. Waliijua hesabu ya kombora kwa mkono, hatua kwa hatua, ndiyo maana waliweza kuiambia mashine la kufanya. Jina walilokuwa nalo likawa la mashine, na kwa miongo mingi baadaye hata majina yao ya kuzaliwa yalisahaulika. Hilo linaniuma.

Maana ya zamani haikufa siku moja. Katika maabara ya serikali ya Marekani ya utafiti wa ndege ya Langley, jimbo la Virginia, wanawake weusi waliokokotoa hesabu za ndege waliwekwa katika chumba chao tangu 1943 kwa sheria za ubaguzi, na kundi lao lilikuwa na neno "Computing" kwenye jina. Dorothy Vaughan aliliongoza, Katherine Johnson akajiunga nalo mwaka 1953. Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipokuwa akijiandaa kuizunguka dunia, mashine ya IBM ilikuwa imeshatoa namba za safari. Glenn alitaka Johnson azipitie kwanza. Johnson alifanya hesabu zilezile kwa kikokotoo cha mezani, siku moja na nusu, na namba zikakubaliana. Ni utaratibu wa Maskelyne: wawili wakokotoe kila mmoja kivyake, kisha walinganishe.

Lugha nyingine hazikubeba urithi huu. Mwaka 1955 tawi la IBM la Ufaransa lilimwomba Jacques Perret, profesa wa Kilatini, ushauri wa jina, naye akapendekeza ordinateur, neno la zamani lililomhusu Mungu kama mpangaji wa ulimwengu. Waaisilandi walichanganya namba na nabii wa kike wakapata tölva. Sisi tuna kompyuta, na wapo wanaopendelea tarakilishi, lenye tarakimu ndani yake. Yote ni mazuri, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililowahi kuwa jina la mtu anayekwenda kazini.

Kwenye Kiingereza chenyewe neno linaendelea kusogea. Simu ya mfukoni inakokotoa mara nyingi zaidi ya ENIAC, na mwenyewe atakuambia hana kompyuta. Maana imebanwa ikawa kile chenye kibodi na skrini kubwa, na kukokotoa kwenyewe, kazi iliyolipa neno jina lake, hakuna anayekufikiria tena anapolitamka.

Kamusi kubwa ya Oxford, inayopanga maana kwa umri wake, inaanza na mtu: mwenye kufanya hesabu, hasa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo katika kituo cha nyota au ya upimaji. Imeongezewa alama ya kuonyesha kwamba siku hizi maana hiyo ni ya kihistoria. Mashine inafuata chini yake. Ukurasa huo huwasomea wanafunzi baada ya zoezi la safu mbili, halafu namwambia yule wa tatu atutangazie ni nani kati ya makompyuta wetu wawili aliyepatia.